Tundu Dogo Kama la Mwiba

Jioni moja ya mwaka 2018 tulikuwa zamu katika zahanati, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisani aliingia akimwongoza mumewe, fundi wa mitambo ya barabara. Mkono wa kushoto wa baba huyo ulikuwa umefungwa kitambaa kilichonuka mafuta ya mashine. Tulipokifungua, tuliona tundu dogo kwenye kidole cha shahada, dogo kama la mwiba. Damu ilikuwa tone moja.

"Haliumi sana, sista," alisema huku akitabasamu kwa aibu. "Ni huyu mke wangu aliyenikokota."

Tulisafisha kidonda, tukamchoma sindano ya pepopunda, tukampa dawa ya maumivu na kumwambia akapumzike. Katika rejista tuliandika maneno matatu tu: "Kidonda cha kidole." Hatukumwuliza alikuwa akifanya kazi gani alipoumia.

Siku ya tatu tulisikia kwamba mkono wote umevimba na kwamba amelazwa hospitali ya rufaa. Huko daktari alimwuliza swali tuliloliacha sisi. Alikuwa akitengeneza kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, injini ikiwa inawaka. Alipitisha kidole kwenye paipu ya haidroliki kutafuta mahali panapovuja. Mafuta yakatoka kama sindano, yakapenya ngozi. Kidole kilikatwa.

Akina mama wapendwa, sisi tulisomea uuguzi na tuna stashahada, lakini jambo hili hatukuwa tumelizingatia. Mafuta katika paipu hizo husukumwa kwa nguvu inayoweza kuzidi upepo wa tairi la gari mara mia. Yakiingia mwilini hupita kandokando ya kano za kidole na kuua nyama ndani kwa ndani. Kwa nje huonekana tundu tu, na mwanzoni maumivu huwa kidogo. Dawa yake ni upasuaji wa haraka, ndani ya saa chache. Kila saa inayopotea huongeza hatari ya kupoteza kidole au mkono.

Baada ya hapo ulifuata msiba wa pili. Msimamizi wa karakana alisema fundi aliumia nyumbani kwake. Na karatasi yetu ilimsaidia msimamizi, kwa kuwa haikutaja kazi wala mashine. Yule mama alikuja nyumbani kwetu usiku. Hakulaumu. Aliweka mezani cheti cha zahanati, kitambulisho cha kazi cha mumewe, na kipande cha karatasi alichoandika jina la kijana aliyekuwa zamu na mumewe siku ile. Akasema, "Dada, wewe ulinusa yale mafuta."

Tulikaa kimya. Kuandika ukweli kulikuwa ni kukiri kwamba tuliharakisha. Usiku ule hatukulala vizuri. Asubuhi tulimweleza mganga wetu mfawidhi, tukaandika maelezo yote: saa aliyofika, kitambaa chenye mafuta, tundu tuliloliona, na swali ambalo hatukuuliza. Tulipewa onyo kwa maandishi, nalo lilitustahili. Yule kijana naye alitoa ushahidi, na dai likakubaliwa.

Tangu hapo tumejifunza sheria tuliyokuwa hatuijui. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Anayechangia Mfuko huo ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Anatakiwa kuonyesha kwamba ajali ilitokana na kazi. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7, na dai lisivuke miezi 12. Mafao ni pamoja na matibabu, malipo ya muda anaposhindwa kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu, na pensheni kwa wategemezi akifariki.

Wanaume wengi huficha majeraha wakiogopa kufukuzwa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Na akiachishwa kazi isivyo haki, anaweza kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30.

Basi mama, mumeo au mwanao akirudi kutoka karakana na jeraha, hata dogo, mwulize siku hiyohiyo: Umeumia wapi? Ulikuwa ukifanya nini? Nani alikuona? Mwajiri ameambiwa? Kama ni mafuta ya haidroliki, msisubiri asubuhi. Nendeni hospitali yenye daktari wa upasuaji, mkaseme wazi kwamba mafuta yalipenya kwa nguvu. Hakikisheni neno "kazini" limeandikwa kwenye cheti, kisha kitunze pamoja na vyeti vya watoto. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa.

Na kabla hajatoka asubuhi, mkumbushe: mtambo uzimwe, kijiko kishushwe chini, nguvu ya mafuta ipunguzwe kabla ya kufungua paipu. Panapovuja patafutwe kwa kipande cha boksi gumu au ubao, kamwe si kwa mkono.

Yule baba sasa ni mtunza stoo katika karakana ileile. Jumapili humwona akishika kitabu cha nyimbo kwa vidole vinne, mkewe akimfungulia kurasa. Nasi, kila ajaye na kidonda, hatuanzi kuandika kabla hatujamwuliza kilikotoka.