Makaburi ya Igoma

Juzi tulitoka Nyakato kwa miguu, tukaifuata njia ya Musoma mpaka Igoma, walikozikwa wengi waliozama katika meli MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Meli ile ilitoka Bukoba, ikapinduka asubuhi, hali Mwanza i karibu.

Mama mmoja aliyefuatana nasi akauliza, “Mungu alikuwa wapi?” Hatukuwa na jibu la haraka, tukanyamaza pamoja naye. Kisha tukakumbuka ya kuwa Bwana wetu naye alilazwa kaburini, wala Baba hakumwacha humo.

Tumaini letu si kwamba ziwa halitachafuka, bali kwamba Mungu hamsahau mtu, ajapokuwa sisi hatulijui jina lake. Basi tukasali, yule mama akatangulia, tukarudi.