Makachu Wana Sura

Ukipita Forodhani, Unguja, jua likikaribia kuchwa na maji yamejaa, utawakuta makachu: vijana wanaokuja mbio, wanaruka ukuta na kuchupa baharini, huyu kichwa chini, yule kajikunja kama ndoana. Utawakuta na wageni na kamera zao. Picha ni ile ile kila siku: jua jekundu, bahari ya dhahabu, na mtu mweusi tii hewani, hana jicho wala pua. Mmoja wa vijana hao alituuliza, "Kaka, nishapigwa picha mpaka basi. Mbona hata moja mamangu hawezi kunijua?"

Sababu si ngozi yake, usidanganywe. Forodhani inatazama machweo. Ukisimama nchi kavu, jua liko mbele ya lenzi. Kamera inayojipimia mwanga yenyewe huuogopa ule mng'aro, ikaminya jicho, na binadamu akageuka kivuli.

Basi filamu yetu, dakika sita tu, tukaihamishia majini. Tukaazima mtumbwi, kamera tukaitia katika mfuko usiopitisha maji, jua tukalipa mgongo. Mwanga ule ule sasa ukawaangukia usoni. Nyuma yao Ngome Kongwe, na Beit el Ajaib, jumba la 1883 lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020.

Lakini mtumbwi bwana, unayumba! Mwenzangu mwenye kamera alikuwa karibu kutapika. Tukapiga fremu 120 kwa sekunde. Ukizionesha 24 kwa sekunde, mwendo unapungua mara tano, na mtikisiko unakuwa kama bahari inavuta pumzi. Hila hii ni ya zamani. Mwaka 1931 Jean Vigo, Mfaransa aliyefariki 1934 akiwa na miaka 29, alimpiga muogeleaji Jean Taris kwa mwendo wa pole, tena chini ya maji, kupitia kioo. Yeye alikuwa na bwawa lililotulia. Sisi tulikuwa na mawimbi ya boti, na maji ya chumvi ambayo humeza wekundu kwanza, ngozi zikatoka kijani kama mwani. Picha za chini ya maji tukazitupa zote. Kichujio cha kuua mng'aro nacho tulikivua: bahari isiyometa ni kama shuka lililoanikwa.

Tuliionesha mtaani, usiku, ukutani. Kuna pale kijana yule yuko hewani, macho wazi, ulimi umemtoka kidogo kwa kujikaza. Sekunde moja ya kuruka, sekunde tano za sinema. Watu wakashangilia. Nyuma ikasikika sauti ya mwanamke: "We! Huyo si mwanangu? Saa hizo si yuko chuoni huyo?"

Kijana alikuwa kashayeyuka gizani.

Asubuhi akanijia, anajishika sikio, anataka nimtolee picha.

"Ipi?"

"Ile ya ulimi, kaka."