Mpiga Picha na Majira ya Oxford

Wahenga walinena kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mgeni wajibu wake kwa mwenyeji, lakini yafaa pia kumpima mpiga picha. Kamera ikaayo mjini siku mbili hulishwa vinono: huonyeshwa minara, bustani zilizopaliliwa na jua la alasiri. Kamera ikaayo mwaka mzima hupewa jembe. Hulazimika kungoja, kurudi palepale, na kutambua kwamba picha iliyodhaniwa kuwa kamili ilikuwa aya moja tu ya habari ndefu.

Mji wa Oxford nchini Uingereza umezoea kamera za aina zote mbili. Masomo ya namna fulani yalikuwa yakifundishwa huko kufikia mwaka wa 1096, na fotografia nayo iliufikia mji huo ingali changa. William Henry Fox Talbot, mmoja wa wavumbuzi wa sanaa hiyo, alianza kuchapisha kitabu chake The Pencil of Nature mwaka wa 1844. Picha ya kwanza kabisa kitabuni humo ni ya sehemu ya ndaki ya Queen's, Oxford. Katika maelezo yake, Talbot alitaja jinsi mawe ya jengo hilo yalivyokuwa yameliwa na wakati na hali ya hewa. Tangu hapo, kuipiga picha Oxford ni kuipiga picha kazi ya mvua, baridi na miaka.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili kutoka Siaya aliwasili katika mji huo mwanzoni mwa Oktoba, muhula wa kwanza ulipokuwa ukikaribia kuanza. Mamaye, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alikuwa amempa sharti moja: kila picha atakayoituma nyumbani iandamane na maelezo ya Kiswahili. "Picha isiyo na maelezo ni mgeni asiyetaja jina," alimwambia. Mwanawe alilichukulia sharti hilo kuwa jambo jepesi. Kumbe ndilo lililokuwa jembe lenyewe.

Mwezi huo mimea inayotambaa kwenye kuta za ndaki ilikuwa ikigeuka kutoka kijani hadi rangi ya damu ya mzee. Mawe ya chokaa yaliyojengea mji, ambayo rangi yake hukaribia ile ya asali, yaliwaka nyuma ya majani hayo kila jua lilipoinama. Mwanafunzi alipiga picha na kuandika chini yake: "Oxford wakati wa vuli." Siku mbili baadaye simu ikalia.

"Mwanangu, vuli ninayoijua mimi huotesha maharagwe," mama alisema. "Hii yako inaua majani. Ni vuli gani hiyo?"

"Mama, ndivyo watafsiri wengi wanavyoandika."

"Basi wametafsiri kalenda, hawakuutafsiri mti."

Mama alikuwa na hoja. Vuli ni mvua za kuanzia Oktoba hadi Desemba, na miezi hiyo inakaribiana na ile ambayo miti ya Uingereza hupukutisha majani. Miezi inalingana, lakini mambo yanayotendeka ndani yake yanapingana: huku mbegu inaamka, kule mti unalala. Kipupwe nacho ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, ilhali baridi kali ya Oxford huja kati ya Desemba na Februari. Atakayeandika "kipupwe" chini ya picha ya Januari atakuwa amemtia msomaji wa Mombasa katika mkanganyiko wa nusu mwaka. Mwanafunzi akafuta neno lake na kuandika upya: "Oktoba. Majani yanapukutika." Maelezo hayo hayakuwa na mapambo, lakini hayakumdanganya mtu.

Desemba ilipoingia, hata saa zilimgeuka. Saa za Kiswahili zilizaliwa karibu na ikweta, mahali ambapo jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Oxford iko karibu nyuzi 52 kaskazini. Tarehe 21 Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni, hivyo mchana wote hautimizi saa nane. Adhuhuri jua huwa limenyanyuka nyuzi 15 hivi tu juu ya upeo, na kivuli cha mtu hukaribia kuwa mara nne ya urefu wake. Siku moja mwanafunzi alipiga picha ya jengo la Radcliffe Camera taa zikiwa zimewashwa na anga ikiwa nyeusi. Akaandika: "Saa kumi na nusu." Mama alidhani ni alfajiri, akamkemea kwa kuzurura usiku badala ya kulala.

Jengo hilo lina fundisho kwa mpenzi wa lugha. Lilikamilika mwaka wa 1749, kabla ya fotografia kuvumbuliwa. Neno "camera" katika jina lake ni la Kilatini na maana yake ni chumba tu. Kamera ya mkononi nayo imerithi jina lake kutoka kwa kile kilichoitwa chumba cha giza. Mwanafunzi alikuwa amesimama na chumba kidogo mkononi, akikipiga picha chumba kikubwa kilichojaa vitabu.

Baridi ilipozidi alikimbilia katika majumba ya makumbusho, likiwamo lile la Pitt Rivers, lililoanzishwa mwaka wa 1884. Hazina ya picha ya jumba hilo inajumuisha picha ambazo E. E. Evans-Pritchard, aliyekuja kuwa profesa wa anthropolojia Oxford, alizipiga katika nchi ya Wajaluo mwaka wa 1936. Mama alipotajiwa habari hiyo hakushangaa. Mwaka wa 2007 baadhi ya picha za kale kutoka hazina hiyo zilipelekwa Nyanza na kuonyeshwa hadharani, naye alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuzitazama.

"Nilifurahi kuziona," alisema. "Lakini nilizitazama zile nyuso nikajiuliza: siku ya pili yake watu hawa walifanya nini? Yule bwana alipita tu. Alichukua siku moja ya mtu, ikawa ndiyo maisha yake yote." Kisha akanyamaza kidogo. "Nawe sasa unawapiga picha watu wa huko. Usipite tu, mwanangu."

Mwanafunzi alizirudia picha zake zote na kuona kwamba hata hao watu hawakuwamo. Alikuwa na mawe, madirisha, minara na majani. Mtu yeyote angezitazama angedhani kwamba mji ule hujifagia wenyewe. Tangu siku hiyo alianza kuomba ruhusa na kuuliza majina. Akawapiga picha wasafishaji wanaoingia kwenye ndaki kabla ya mapambazuko, mzee anayekusanya majani makavu kwa reki, na abiria wa basi la kuelekea Cowley, mtaa ambako William Morris alianza kuunda magari mwaka wa 1913. Wengine walikubali, wengine wakakataa, naye akajifunza kuziheshimu hali zote mbili.

Januari mto Cherwell ulifurika na kulimeza konde la nyasi lililo ndani ya uwanja wa ndaki ya Magdalen. Picha aliyoipiga pale ilikuwa ya maji ya kijivu, anga ya kijivu na ua uliozama nusu. Aliiona mbaya, akakusudia kuifuta. Mama akamzuia. "Iweke. Hujui inangoja nini."

Aprili alirudi mahali palepale. Konde lilikuwa limejaa maua yanayoinama kama kengele, ya rangi ya zambarau yenye miraba midogo mithili ya ubao wa drafti. Maua hayo hupenda nyasi zenye unyevu mwingi, na mafuriko ya majira ya baridi ni sehemu ya uhai wake. Picha ya Januari, ambayo nusura ifutwe, ndiyo iliyokuwa maelezo ya picha ya Aprili.

Majira yaliyosalia yalikwenda mbio. Tarehe 1 Mei, saa kumi na mbili asubuhi, kwaya iliimba kutoka juu ya mnara wa Magdalen uliokamilika mwaka wa 1509, na umati ukasikiliza barabarani ukiwa na macho mazito ya usingizi. Mwishoni mwa Mei na katika Juni, watahiniwa walipita na majoho meusi, ua limechomekwa kifuani: jeupe kwa mtihani wa kwanza, la waridi kwa mitihani ya katikati, jekundu kwa mtihani wa mwisho. Mchana ukarefuka hadi saa kumi na sita na zaidi. Kufikia Julai wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza walikuwa wameondoka, na watalii wakajaa. Hapo ndipo mwanafunzi alipoitambua ile picha ya Oxford aliyoijua tangu akiwa Siaya: nyasi kijani, mawe ya rangi ya asali, mbingu ya samawati. Picha ile haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya Julai, nayo ilionyesha chuo wakati wanachuo wake hawapo.

Kati ya mamia ya picha alizotumiwa, mama alizisafisha mbili tu kwa fotografa wa mjini na kuzitundika sebuleni. Hakuchagua mnara wala kuba la Radcliffe. Alichagua konde lile lililofurika, na kando yake konde lilelile likiwa na maua. Wageni humwuliza kwa nini ametundika picha ya mafuriko ilhali mwanawe alikuwa katika mji mzuri namna ile. Yeye huwaelekeza kwenye maelezo yaliyo chini yake, ambayo aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe baada ya kuyakataa yote aliyotumiwa: "Januari" chini ya ile ya kwanza, "Aprili" chini ya ile ya pili, na katikati yazo maneno mawili, "Ni palepale."