Sufuri Niliyoitoa

Katika daftari langu la alama imo sufuri moja niliyoikata kwa kalamu, na kila niionapo huona haya. Niliitoa mimi mwenyewe, nikampa mwanafunzi ambaye hakustahili kuipata. Nataka kuwasimulia habari zake kwa sababu baadhi yenu mnaosoma kurasa hizi mtakuja kuandika programu za kompyuta, na kosa nililolitenda mimi ni jepesi mno kutendeka.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika chuo cha ualimu. Ufundi wa kutengeneza tovuti nilijifunza peke yangu nyakati za likizo, na kama ilivyo desturi ya mtu aliyepata ujuzi mpya, nilitamani kuuonyesha. Nikatengeneza zoezi la mtandaoni lenye maswali 20. Kila swali lilikuwa na majibu 4 ya kuchagua. Maneno ya majibu hayo niliyatia ndani ya picha za kupendeza, na kila picha ilikuwa kitufe cha kubonyeza. Jibu likiwa sahihi, picha iligeuka kijani. Likiwa na kosa, iligeuka nyekundu. Kila swali lilipewa sekunde 45, kisha likatoweka na jingine likaja. Walimu wenzangu walipoliona walinisifu, nami kichwa kikanivimba.

Katika darasa langu alikuwamo binti mmoja asiyeona. Alikuwa na kompyuta kama wenzake, akiitumia kwa msaada wa kisoma-skrini, yaani programu inayoyasoma kwa sauti maandishi yaliyomo katika ukurasa. Programu aliyoitumia huitwa NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha mwenzake James Teh akajiunga naye, nao wote wawili hawaoni, nayo hutolewa bure. Kwa programu hiyo binti yule alisoma vitabu, akaandika insha, na aghalabu alikuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza darasani.

Siku ya zoezi alama zilipokuja, yeye alipata sufuri. Sikujiuliza mara mbili. Nilidhani amefanya uvivu, au ameidharau kazi yangu. Nikaiandika sufuri ile kwa wino, kisha nikamwita ofisini.

“Mbona hukujibu hata swali moja?” nilimwuliza.

“Mwalimu,” alisema kwa upole, “maswali niliyasikia yote, na mengi niliyajua. Lakini kila nilipoyafikia majibu, kompyuta iliniambia: kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Haikuniambia kipi ni kipi. Nilikaa hivyo dakika 15 mpaka maswali yakaisha.”

“Hukuweza kubonyeza kimoja tu?”

“Niliweza, mwalimu. Lakini hiyo ingekuwa kubahatisha, na nisingependa unipe alama za bahati.”

Sikuwa na la kusema. Jioni ile nilibaki ofisini peke yangu. Niliweka kisoma-skrini katika kompyuta yangu, nikaizima nuru ya skrini, nikakitia kipanya ndani ya saraka ya meza, nikajaribu kulifanya zoezi nililolitunga mwenyewe. Nilishindwa. Nilipotea ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usiku ule nilikilalia, na kunguni nikawajua mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa zile picha. Kwa kawaida kisoma-skrini hakiisomi picha yenyewe. Husoma maneno ambayo mtengenezaji ameyaandika katika msimbo wa ukurasa. Mimi sikuandika neno lolote nyuma ya picha zangu, kwa hiyo vitufe vyangu vyote vilikuwa watoto wasiopewa majina. Wa pili alikuwa saa. Mtu anayesikiliza huhitaji muda zaidi kuliko anayetupa jicho mara moja. Wa tatu alikuwa rangi. Kijani na nyekundu havisemi kitu kwa asiyeona, wala kwa mtu mwenye macho asiyeweza kuzitenga rangi hizo.

Lililonitia haya zaidi ni kutambua kwamba njia ilikwisha kufyekwa zamani. Mwaka 1997 shirika la W3C, ambalo huweka kanuni za kiufundi za tovuti duniani, lilianzisha juhudi maalumu ya kuwafikiria watu wenye ulemavu. Mwaka 1999 lilitoa mwongozo wake wa kwanza, nao umeendelea kurekebishwa. Toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2023. Mwongozo huo umesimama juu ya nguzo nne: kilichomo katika ukurasa kiweze kutambulika, kiweze kutumika, kiweze kueleweka, na kiwe imara hata kikitumiwa kwa vyombo mbalimbali. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imewapa watu wenye ulemavu haki ya kupata vifaa na njia za mawasiliano zinazowafaa. Basi nililomnyima binti yule halikuwa hisani. Lilikuwa haki yake.

Nilianza kazi upya. Nilizitupa zile picha, nikatumia vitufe vya kawaida vyenye maneno yanayosomeka. Nikahakikisha kwamba mtu aweza kusogea kutoka jibu hadi jibu kwa kibodi peke yake. Nikaondoa saa. Mahali pa rangi tupu nikaongeza maneno: “Sahihi” na “Si sahihi”. Baada ya wiki moja nilimwita binti yule, nikamwomba awe mkaguzi wangu.

Alisikiliza, akachagua jibu, akabonyeza. Kisha akatulia, ameinamisha kichwa.

“Nimejibu, mwalimu, lakini kimya. Sijui kama nimepata au nimekosa.”

Kumbe neno “Sahihi” lilikuwa limejitokeza juu ya skrini, mbali na pale alipokuwa. Mwenye macho huliona mara moja. Kisoma-skrini hakikuarifiwa kwamba kuna jambo jipya. Huu ndio ugumu wa kurasa zinazojibizana na mtumiaji: hubadilika kipande kimoja kimoja, na badiliko lisilotangazwa ni siri kwa asiyeona. Kwa ajili ya hayo W3C ilikamilisha mwaka 2014 kanuni ziitwazo WAI-ARIA, ambazo kwazo mtengenezaji hukiwekea kipande cha ukurasa alama, ili kila maneno yake yabadilikapo kisoma-skrini kiyatangaze papo hapo. Niliongeza alama hiyo. Haikuzidi mstari mmoja. Tulipojaribu tena, sauti ikasema, “Sahihi.” Binti akacheka, nami nikacheka naye.

Alilifanya zoezi lote kwa maswali mapya, akapata 17 kati ya 20. Sikumwongezea hata moja, wala yeye asingekubali.

Mambo mawili yalifuata ambayo sikuyatarajia. Kijana mmoja aliyekuwa amevunjika mkono, asiyeweza kushika kipanya, alilimaliza zoezi kwa kibodi. Na mwingine alinijia faraghani akaniambia kwamba kijani changu na nyekundu yangu, kwa macho yake, zilikuwa rangi moja. Kwa muhula mzima hakupata kusema. Nilidhani namtengenezea mlango mtu mmoja, kumbe wengi walikuwa wamesimama nje kimya.

Nawe msomaji, siku utakapotengeneza ukurasa wa kuombea kazi, au wa kununulia tikiti, au wa mtihani, fanya haya kabla hujausifu. Weka kipanya kando, uutumie kwa kibodi. Kisha izime skrini, usikilize. Na mwisho, mtafute mtu mwenye ulemavu, umwombe aujaribu mbele yako, maana yeye ataona usiloliona.

Sufuri ile sikuifuta, niliikata tu kwa mstari mmoja ili isomeke bado. Kando yake niliandika 17, na jina la binti. Chini ya sufuri yenyewe niliandika jina langu.