Maziwa ya Manjano ya Shangazi

Shangazi yetu alipoambiwa ana saratani ya ini, sisi wanawake wa nyumbani tulifanya lile tulilolijua. Mmoja alisaga habasoda, mwingine akachemsha maziwa kwa manjano, wa tatu akaleta asali. Hatukuwa tukibahatisha. Tulikuwa tumesikia kwamba wataalamu wametenga kurkumini kutoka katika manjano, na thaimokwinoni kutoka katika habasoda, wakavitia katika seli za saratani ya ini ndani ya maabara, na seli zikafa. Hilo ni kweli. Na hadithi ya habasoda, nani kwetu asiyeijua?

Tusilolijua ni umbali uliopo baina ya chombo cha maabara na tumbo la mwanadamu. Sehemu kubwa ya kurkumini hupita tumboni bila kufyonzwa, na kile kidogo kinachoingia damuni huvunjwa upesi na ini lenyewe. Pilipili manga huongeza kinachofyonzwa. Basi tukaona manjano ya jikoni hayatoshi, tukanunua vidonge vikali vilivyotiwa pilipili manga, tusijue kuwa vidonge vya namna hiyo vimepata kudhuru maini ya watu wazima wasio na ugonjwa.

Wiki tatu tulimficha daktari. Damu ilipoonyesha kuwa ini linazidi kuumia, Shangazi mwenyewe ndiye aliyesema: "Daktari, nisikufiche mwanangu, watoto hawa wananipa vidonge." Tuliinamisha nyuso.

Daktari hakutukaripia. Aliomba kuiona chupa, akavisimamisha vidonge, akasema yeye hadharau mimea: lile ua dogo la waridi au jeupe tunalolipanda nyuani ndilo linalotoa vinkristini, dawa inayotibu saratani ya damu kwa watoto. Lakini dawa hiyo husafishwa, hupimwa kwa miligramu na kuingizwa mshipani. Majani yenyewe ukiyachemsha ni sumu. Manjano na habasoda bado hazijathibitishwa kuwa tiba ya saratani ya ini kwa binadamu.

Kisha akatuuliza tusilolitarajia: je, nyinyi mmepimwa homa ya ini aina ya B? Virusi hivyo, pamoja na sumu ya kuvu katika mahindi na njugu zilizohifadhiwa penye unyevu, ni miongoni mwa sababu kubwa za saratani hii barani Afrika. Mama huweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kujifungua. Watoto wa siku hizi huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Sisi wakubwa hatukuipata chanjo hiyo. Tulikwenda saba. Wawili walikutwa na virusi, mmoja wao mjamzito. Mwanawe alichanjwa siku ile ile aliyozaliwa.

Shangazi alitutoka mwezi wa Shaaban, Mwenyezi Mungu amrehemu. Maziwa yake ya manjano aliyanywa hadi wiki ya mwisho, kikombe kimoja usiku, daktari akijua, kwa kuwa aliyapenda.