Alichosema Mama Nilipozima Simu

Mara ya kwanza kutazama Paper Heart (2009), nilidanganyika. Charlyne Yi, anayesema haamini kama mapenzi yapo, anazunguka Marekani akiwauliza watu walivyopendana, na visa vyao anaviigiza kwa vikaragosi vya karatasi. Njiani anakutana na Michael Cera, wanaanza kupendana. Kumbe hao wawili wanaigiza! Hata mwongozaji tunayemwona, Nicholas, ni mwigizaji Jake Johnson. Wanandoa wanaohojiwa ndio wa kweli.

Nilikasirika, kisha nikamkumbuka mama. Niliwahi kumrekodi kwa simu nikimuuliza walivyokutana na baba. Alijiweka sawa kitenge, akaongea kama msoma taarifa ya habari: "Tulikutana kanisani." Nilipozima, akacheka. "Kanisani wapi, mwanangu! Baba yako alinikopa nauli ya daladala. Amekufa na deni langu."

Rekodi ya kanisani ninayo mpaka leo. Ya nauli sina, na mama hataki kuirudia mbele ya simu. Nikitaka mtu mwingine aione, itabidi niiigize. Sasa sina tena hasira na Yi.