Chini ya mwembe wa Garsen nilifunzwa kunyamaza

Mpenzi msomaji, kabla hujamaliza kikombe chako cha chai ya Jumapili, hebu nikuulize swali. Ni lini mara ya mwisho ulipoketi na watu zaidi ya watano, ukasema jambo linalokuuma, na wenzako wakakusikiliza hadi mwisho bila kukukata kauli, bila kukupa ushauri, na bila kukuambia kwamba yao ni makubwa kuliko yako? Ukiwa mkazi wa mji, bila shaka unakumbuka mikutano mingi: ya chama, ya harusi, ya matanga, ya wazazi shuleni. Lakini kusikilizwa? Nadhani itakubidi ufikiri kidogo.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea uuguzi wa wagonjwa wa akili, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia Mombasa. Najua wengi wenu mkisikia kazi hiyo mnawaza kufuli, sindano na mtu anayezungumza peke yake njiani. Siwalaumu. Hospitali ya Mathari pale Nairobi ilianza mwaka 1910, na kwa miaka mingi watoto wetu wamelitumia jina lake kutaniana. Lakini uko upande wa kazi hii usio na kufuli wala sindano. Ni watu wanane au kumi walioketi duara, saa moja na nusu, mara moja kwa wiki. Upande huo ndio ninaotaka kukusimulia leo, na sitakuficha jinsi nilivyouvuruga nikiwa na cheti changu mkobani.

Ilikuwa mapema mwaka 2013, karibu na Garsen. Kama hujawahi kufika huko, panda basi la Lamu kutoka Malindi. Utaona nchi inavyokuwa tambarare, na Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unavyoanza kutanda kabla ya kumwaga maji yake baharini kule Kipini. Wapokomo wamelima kando ya mto huo tangu enzi za mababu: mpunga, mahindi, ndizi, maembe. Waorma ni wafugaji, na kiangazi kikikaza ng'ombe wao sharti wafike mtoni kwa njia ziitwazo malka. Shamba likiziba malka, au ng'ombe wakiingia shambani, ugomvi uko mlangoni. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wale wa Matadeda, baraza la Waorma, walizoea kuketi na kuumaliza.

Mwaka 2012 mambo yaliwashinda. Agosti 22, katika kijiji cha Riketa, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma, kisha siku tatu baadaye Kilelengwani, ambako hata askari polisi waliuawa. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Mwaka ulipokwisha kila upande ulikuwa na makaburi mapya, na maelfu ya watu walikuwa wamehama makwao.

Nilifika huko kwa miezi michache kusaidia. Kijiji sitakitaja, wala majina ya wale akina mama, kwa sababu ahadi ya kwanza ya kikundi cha namna hii ni kwamba yanayosemwa hapo hayatoki hapo. Haya ninayoandika niliwaomba ruhusa, nao wakanipa.

Tulikuwa wanawake kumi chini ya mwembe, pamoja nami na mhudumu wa afya wa kijiji ambaye angenisaidia kuongoza. Wenyeji, kwa heshima yao, waliniletea kiti. Wao wakaketi mkekani. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nami sikuliona. Ukiketi kitini na wenzako wako chini, hakuna duara tena hapo. Kuna mwalimu na darasa, na darasa hungoja kuulizwa.

Basi nikauliza. Baada ya kujitambulisha kwa dakika chache, niliomba kila mmoja asimulie aliyoyaona usiku ule. Niliamini kwamba mtu akitapika sumu hupona. Wa kwanza alieleza kwa sauti kavu kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Wa pili alilia. Wa tatu, mama mmoja mwembamba mwenye watoto watatu, alinitazama kwa muda mrefu, akainuka, akajipangusa majani ya mwembe, akaenda zake. Hakurudi wiki ile, wala iliyofuata.

Jioni ile mhudumu wa afya alinisindikiza hadi njia panda. Hakuwa na cheti kama changu, lakini aliniambia neno ambalo halimo katika vitabu nilivyosoma: "Dada, umewauliza kilio kabla ya salamu."

Ndugu msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Na ubaya ni kwamba nilipaswa kujua. Kufikia mwaka 2002 wataalamu walikuwa wamezikusanya tafiti kuhusu desturi ya kumketisha mtu aliyepatwa na msiba mkubwa na kumsimulisha yote kwa kikao kimoja, wakaona haimkingi na kiwewe, na huenda hata ikamzidishia. Mtu hufungua mlango wake akiisha kujua nani yuko nje. Kumsukumia ni kumvamia mara ya pili.

Wiki ya pili nilikirudisha kiti kilikotoka, nikaketi mkekani. Tulizungumza juu ya bei ya unga, juu ya watoto waliokosa shule, juu ya nyani waliomaliza mahindi ya jirani. Mtu wa mjini angesema tunapoteza wakati. Wiki ya uchaguzi wa Machi 4 hatukukutana kabisa, kwa maana kila mmoja alikuwa na hofu yake.

Wewe uliye mwanafunzi, hasa wa uuguzi, utafunzwa darasani kwamba kikundi hupita ngazi. Mwaka 1965 Mmarekani Bruce Tuckman alizitaja nne: watu hukutana, hugombana, hukubaliana taratibu, ndipo hufanya kazi. Baadaye akaongeza ya tano, ya kuagana. Ni kweli, ila kitabu hakikwambii kwamba kwenye ngazi ya pili tumbo lako litakuuma na utatamani kurudi kwenu.

Kwetu ugomvi ulianzia kwa mama mmoja aliyekuwa na uzoefu wa uongozi. Kila nilipouliza jambo alijibu yeye, kwa niaba ya wote. "Sisi hapa tumeshasamehe," alisema, na wengine wakainamisha vichwa. Ungemnyamazisha? Mimi nilitaka. Lakini kumwaibisha mtu mmoja mbele ya wenzake ni kuwafunza wote kwamba hapo mahali watu huaibishwa. Nilichofanya ni kumshukuru, kisha nikageukia upande wa pili wa mkeka na kungoja. Kungoja huko, jamani! Kimya cha nusu dakika penye watu kumi ni kirefu kuliko safari ya Garsen hadi Hola. Mhudumu wa afya alikuwa amenionya kwamba nikikosa subira nitakijaza mwenyewe. Nikauma meno.

Kimya kilipovunjika, kilivunjikia pabaya. Kulikuwa na mama ambaye mume wake na watoto wake wote walikuwa hai. Alichopoteza ni nyumba na magunia yake ya mpunga. Alipoanza kusema kwamba halali usiku, mwenzake akamkatiza: "Wewe unalilia nini? Wako si wapo?" Wengine wawili wakaitikia. Hapo ndipo utaona kikundi kinavyoweza kuwa kikatili. Watu wenye maumivu wakikosa pa kuyaweka humtafuta mmoja wa kumbebesha, na mara nyingi ni yule asiye na haki ya kutosha ya kulia. Chunguza hata nyumbani kwako; katika familia nyingi yuko mtoto mmoja ambaye kila kikivunjika kikombe ni yeye.

Sikuwahubiria. Niliuliza tu ni nani mwingine asiyelala. Mkono mmoja uliinuka. Halafu wa pili. Mwishowe hata yule aliyemkatiza mwenzake aliuinua wake, na tukacheka, kicheko cha kwanza tangu tulipoanza.

Wiki ya tano ya vikao yule mama mwembamba alirudi. Hakuketi duarani. Alikaa pembeni, mgongo kwenye shina la mwembe, akipukuchua mahindi aliyokuja nayo. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mazungumzo yalikuwa juu ya mapishi. Ghafla akasema, bila kuinua macho, kwamba yeye hupika mapema jua likiwa bado kali, kwa sababu akisikia harufu ya moshi gizani mikono hukataa kufanya kazi. Akasema alidhani anaingiwa na wazimu, na kwamba hakuwa amemwambia hata mama yake mzazi.

"Hata mimi," alisema mmoja.

"Hata mimi. Mimi huwaambia watoto eti ni kuokoa mafuta ya taa."

Walikuwa sita. Wanawake sita wa kijiji kimoja waliokuwa wakipika saa tisa alasiri kwa miezi, kila mmoja akidhani ni mwenda wazimu peke yake, wakionana kisimani kila siku na kusalimiana. Mama yule aliacha kupukuchua. Tangu siku hiyo akawa anaketi mkekani.

Maneno hayo mawili, hata mimi, ndiyo dawa yenyewe. Mengine yote ni chupa. Tena si jambo la jana. Mwaka 1905 daktari Joseph Pratt wa Boston aliwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu ili awafundishe usafi, akaona kwamba kule kukutana tu kuliwapa moyo. Na karibu nasi zaidi, mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watu waliolemewa na huzuni nzito waliwekwa katika vikundi vidogo vijijini kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa majuma mawili tu. Huzuni yao ilipungua sana kuliko ya vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Wenyeji, msomaji, wala si madaktari. Nilipokumbuka habari hiyo nilimtazama mhudumu wetu wa afya kwa jicho jingine.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Mwembe hauponyi kila mtu. Mama mmoja kati ya wale kumi alianza kusema juu ya kuufuata mto asirudi. Huyo sikumwacha kikundini angoje wiki nyingine. Tulikwenda naye kituo cha afya siku ileile, na alirudi kwetu baadaye akiwa anatumia dawa. Ukimsikia ndugu yako akisema maneno kama hayo, usimwitie kikao cha familia. Mpeleke.

Wiki ya tisa ndiyo iliyonipa mtihani. Mama mmoja alikiri kwamba ananunua maziwa kwa siri kutoka kwa mwanamke wa Kiorma pale sokoni Garsen, mteja wake wa miaka mingi, na kwamba mwanamke huyo naye ni mjane wa vita vilevile. "Ameniuliza tunafanya nini chini ya mwembe," alisema. "Anataka kuja."

Ungesikia kelele! Mmoja alisimama akasema akija huyo yeye ataondoka. Mwingine akasema maziwa ni maziwa. Mama kiongozi, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa ametuambia wameshasamehe, alinyamaza kimya. Wote wakanigeukia mimi. Msomaji, mimi nilikuwa na jibu tayari; nilitaka aje, tena kesho yake. Nilitaka picha nzuri ya upatanisho ya kurudi nayo Mombasa. Nililimeza jibu langu, nikasema kikundi ni chao.

Walibishana wiki mbili. Waliamua aje, ila asiulizwe kitu na asiulize kitu. Alikuja, akaketi karibu na mteja wake, akasikiliza mazungumzo ya homa ya mtoto wa mtu, akaondoka. Wiki iliyofuata alikuja tena na kibuyu cha maziwa, akasema jina la mumewe. Hilo tu. Yule aliyeapa kuondoka hakuondoka, lakini maziwa hakuyanywa. Kisha mvua zilinyesha, ng'ombe wakahamishwa kutoka mtoni, naye akaenda nao. Mimi pia muda wangu ukaisha. Siku ya kuagana tulilia wote, hata mimi niliyefunzwa kwamba muuguzi halii kikundini.

Tangu hapo mengi yamepita. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa, na kaunti zikabebeshwa jukumu la kupeleka huduma hii karibu na wananchi. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya mwaka 2024 yaliwahamisha tena watu wa Tana, Wapokomo kwa Waorma, hadi sehemu zilizoinuka.

Maji yalipopungua nilipita Garsen nikielekea Lamu. Basi liliposimama, akina mama wakazingira madirisha na maembe yao, na mmoja wao akaniita kwa jina. Alikuwa yule mama mwembamba, sasa amenenepa. Aliniambia wale wa mwembeni wangali wanakutana, ingawa wameligeuza chama na huchanga fedha kwanza ndipo wazungumze. Muuza maziwa huja kiangazi, ng'ombe wakirudi. Huchanga kama wenzake.

"Na yule aliyekataa maziwa?" nikamwuliza.

"Hata leo hanywi," alinijibu. "Lakini humwekea mahindi."

Akanipa maembe manne, akakataa fedha zangu. Utingo alikuwa amekwisha kugonga bodi la basi. Akachungulia dirishani, akaniuliza huku akicheka kama bado ninawauliza watu kilio kabla ya salamu. Kabla sijamjibu basi likaondoka.